Mama Mkwe na Msimu wa Watu wa Kijani

Mama mkwe wangu, uliyelala Ndalambo,

Ligi ya Hispania imeanza tena. Jumamosi iliyopita nilifungua kibanda mapema, nikafagia, nikamwagia maji vumbi la mlangoni na kuwasha televisheni kwa ajili ya mechi ya alasiri. Hakuja mtu. Unajua mwenyewe mechi za alasiri zilivyo. Saa hizo Tunduma nzima iko barabarani na sokoni, madereva wako kwenye foleni ya mpaka, na anayependa mpira anangoja timu kubwa zicheze giza likishaingia. Nikakaa peke yangu benchi la mbele, na hata mapumziko hayajafika nikaona siwezi kuangalia hivi hivi bila kusema na mtu. Ndiyo maana nakuandikia. Wengine wakiisoma barua hii sitajali. Wengi wao ulikuwa ukiwakemea kwenye mabenchi haya haya, na bado wanakutaja.

Nianzie siku uliyofika, maana hatukuwahi kuizungumza.

Ulishuka kwenye lori la mwanao Elia asubuhi moja ya mwezi wa nane, mguu wa kushoto umezungushiwa kitenge, kwapani una Biblia na mkononi kuku aliyefungwa miguu. Kidonda cha sukari kilikuwa kimekataa kupona kule kijijini, na daktari alitaka ukae karibu na hospitali kiwe kinasafishwa. Elia alikuingiza chumba cha mbele, akala, akalala kidogo, na jua lilipopungua akaondoka na mzigo kwenda Kongo. Kazi yake ilikuwa hiyo tangu kabla hajanioa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Tukabaki wewe, mimi na mjukuu wako Tumaini, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza chekechea.

Hatukuwa tumezoeana. Wewe ulitaka Elia aoe Mnamwanga wa huko huko Momba, binti wa watu unaowafahamu, naye akakuletea Mnyiha wa Iyula. Hukuwahi kunitukana kwa hilo. Ulininyamazia tu. Wewe ukizungumza Kinamwanga na majirani ulicheka, mimi nikizungumza Kinyiha na mama yangu kwenye simu nilicheka, halafu tukikutana jikoni tunarudi kwenye Kiswahili na kicheko kinaisha.

"Mke wa Elia, maji yako wapi?"

"Haya hapa, mama."

Basi. Siku imeisha.

Na kibanda hukukipenda. Elia alikuwa amekijenga uani, upande wa barabara, mabati juu na mbao pembeni, akaweka mabenchi, televisheni kubwa na dishi, akaniachia mimi nikiendeshe akiwa safarini. Ni kibanda umiza kama vingine vyote vya mjini. Mara ya kwanza vijana waliposhangilia goli ulitoka chumbani na fimbo yako, ukidhani kuna mwizi amekamatwa. Ulipoona ni mpira ukaniuliza, "Na Jumapili nayo wanakuja?" Nikakujibu kwamba Jumapili ndiyo wanakuja zaidi. Ukatikisa kichwa, ukarudi ndani.

Kilichokuleta kibandani ni joto. Mwezi wa tisa chumba chako kilikuwa kinachemka mchana, lakini kibandani mbao zimeachana na upepo unapita. Tulikuwa tumetoka ibadani. Nikakulaza mguu kwenye benchi la mbele, juu ya mto, kisha nikawasha televisheni nione kama dishi bado linashika, kwa sababu upepo wa juzi yake ulikuwa umelisogeza. Ikatokea mechi. Nilitaka kuzima, ukasema niache.

Uliitazama muda mrefu. Kisha ukauliza, "Hao wa kijani mbona wanapigwa hivyo?"

"Wamepanda daraja mwaka huu, mama. Ni timu ndogo."

"Wamepanda kutoka wapi?"

Nikakueleza kwamba ligi ile ina timu ishirini, na msimu ukiisha tatu za mkiani zinashuka, nyingine zinapanda kushika nafasi zao. Nikakwambia hawa wa kijani wanatoka mji mdogo, hawana wachezaji wa bei, na kila mtu anasema watarudi walikotoka.

"Kila mtu nani?"

"Watangazaji. Na Simwinga."

Simwinga hukuwa umemfahamu bado. Ndiye yule jirani yetu anayebadilisha fedha mpakani, shabiki wa weupe wa Madrid, ambaye hata kuugua kwake anapanga siku isiyo na mechi. Kwenye televisheni kipa wa kijani, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, alikuwa ametoka kuokoa shuti na sasa anawafokea mabeki wake. Ulimtazama sana yule kipa.

"Kwa hiyo wanachopigania hao ni kubaki tu," ukasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi niko na hao."

Walifungwa siku ile. Ulinyanyuka, ukaweka fimbo sawa, na kabla hujatoka ukaniuliza wiki ijayo wanacheza na nani.

Jina la timu lilikushinda ukaliacha. Ukawaita watu wa kijani, na baada ya muda kibanda kizima kikawaita hivyo hivyo. Kipa ulimpa jina la Mzee wa Kanisa, kwa sababu kabla ya kila mechi alishika nguzo ya goli na kuinamisha kichwa. Winga wao mfupi ukamwita Kaptula. Kocha alikuwa Baba wa Koti, na ulikuwa ukisema siku atakayovua lile koti timu itashinda. Kwa kuwa walikuwa wadogo, mechi zao nyingi ziliwekwa alasiri, wakati kibanda kitupu. Tukawa tunaangalia sisi wawili, ungo wa maharage katikati yetu, tunachambua. Nilikufundisha kona, penalti na faulo. Wewe ukanifundisha Kinamwanga humo humo, kulia, kushoto, kimbia, mjinga. Neno la mjinga ndilo tulilitumia zaidi.

Kuotea ndiko kulikokusumbua. Nilipanga maharage kwenye ungo, hili beki, hili mshambuliaji, nikakuonyesha. Ukasema umeelewa, nikajua hujaelewa. Wiki iliyofuata tuko kwenye foleni ya hospitali, wewe kwenye kiti, mimi nimesimama, mama mmoja mwenye mkoba mkubwa akapita watu wote na kwenda kujibanza mlangoni kwa daktari. Ukaninong'oneza, kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia, "Huyu ameotea." Nilicheka mpaka muuguzi akatoka nje kuangalia kuna nini. Na wewe ukacheka. Nafikiri hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja kwa Kiswahili.

Siku watu wa kijani walipocheza na weupe wa Madrid kibanda kilijaa hadi watu wakasimama. Walikuja hata vijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wale waliokuwa wanakuita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, na kukuachia nafasi ya kuweka mguu. Watu wa kijani wakafungwa mabao manne. Kila bao Simwinga alisimama na kuzunguka mabenchi. Bao la nne ukamkamata shati anapopita.

"Wewe baba, hao unaowashangilia wana makombe mangapi?"

"Hayahesabiki, mama," akasema kwa fahari.

"Na hawa wangu?"

"Hawana kitu."

"Basi wakupe kidogo cha kushangilia halafu ukae chini. Unawasumbua wafiwa."

Kibanda kizima kilimcheka. Tangu siku ile Simwinga alikuwa anakuletea machungwa mpaka pale nilipomkumbusha habari ya sukari, akahamia kwenye matango.

Kuanzia Krismasi simu za Elia zikapungua. Kwanza alisema mtandao wa Kongo ni mbovu. Halafu akasema lori limeharibika. Halafu akawa hapigi, na nikipiga mimi inaita mpaka inakata. Tumaini alikuwa akiuliza baba anakuja lini, nasema akimaliza kazi. Wewe ulikuwa unasikia na hukuchangia.

Mwezi wa pili, dereva mmoja aliyekuwa akisafiri na Elia aliingia kuangalia mpira. Nilikuwa napita na kikapu kukusanya kiingilio. Aliniita pembeni, karibu na benchi la mbele, akaniambia kwa upole, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwingine, kwamba Elia aliacha lori siku nyingi. Yuko Kitwe, Zambia. Anaishi na mwanamke, na wanafungua duka. Nikamshukuru. Nikaendelea kukusanya kiingilio mpaka benchi la mwisho, kwa sababu sikujua la kufanya lingine.

Sikukwambia. Elia ni mwanao, mimi ni mtu wa kuletwa, nilijua damu itakwenda wapi. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na watu wa kijani wanacheza alasiri. Tulikaa kama kawaida. Mpira ulipoanza ukasema bila kunitazama, "Nilisikia aliyosema yule dereva."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nahisi."

Ukaomba simu. Ukatoka nayo uani ukiegemea fimbo, ukasimama karibu na tenki la maji. Uliongea Kinamwanga muda mrefu. Nilichambua maneno machache niliyokuwa nimejifunza, mtoto, baba yako, na lile la mjinga. Uliporudi macho yako yalikuwa mekundu. Ukakaa, ukainua mguu juu ya mto.

"Wamefungana?"

"Bado sare."

"Sogeza hayo maharage."

Nikasogeza, na wewe ukasogea pia, hadi bega lako likagusa langu. Halikuondoka mpaka filimbi ya mwisho. Mama, watu wengi walikuja kunifariji mwaka ule. Wengine waliimba, wengine walisoma maandiko, wengine walimtukana Elia kwa ajili yangu. Mimi nakumbuka bega.

Wiki ya Pasaka ukasema unataka kwenda Iyula.

"Kufanya nini, mama?"

"Kuwaona wakwe zangu. Wamenipa binti miaka yote hii sijakanyaga kwao."

Nikakukumbusha mguu. Ukasema mguu ni wako. Tukapanda gari mpaka Vwawa, tukapata lingine la kupanda nalo huko, na kila shimo la barabara ulifumba macho lakini hukulalamika. Baba yangu alikuwa shambani kwenye kahawa. Alipoambiwa ni nani anayeshuka kwa fimbo pale barabarani alikuja anakimbia na viatu vya shamba. Mama akatoa kiti kizuri, kile cha wageni.

Hawakujua habari za Elia. Nilikuwa nimewaficha. Uligoma kula mpaka useme kwanza.

"Nimekuja kuwaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu," ukasema. "Mwanangu amemwacha mke wake na mtoto, ameenda kuishi na mwingine huko Zambia. Binti yenu hakumkosea. Nimekaa naye nyumba moja, nimeangalia, sikuona kosa. Elia nilimzaa mimi na nilimlea mimi. Kwa hiyo nimekuja mimi."

Baba alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama katikati ya mibuni, amewapa mgongo watu wa nyumba yake. Mama alikuwa ameshika mkono wako. Baba aliporudi uso umeoshwa. Akasema, "Mama, sisi tungesikia barabarani, tungekuja Tunduma na hasira. Umetuheshimu. Kula."

Tukala. Mama alichemsha mahindi mabichi na kutengeneza maharage kwa karanga, na ukakataa kukumbuka sukari siku hiyo. Tulipokuwa tunakunywa chai mdogo wangu Joeli, niliyekuwa nimempa kazi ya kufuatilia kwenye simu, akaingia akasema watu wa kijani wameshinda ugenini. Ulipiga paja kwa kiganja, chai ikamwagika kwenye kitenge. Mama yangu akauliza hao watu wa kijani ni akina nani.

"Ni watu wetu," ukamjibu.

Ushindi ule uliwatoa mkiani kwa wiki kadhaa. Nilianza kuamini. Wewe ulikuwa unaamini tangu zamani, kazi yako ilikuwa kunisubiri. Mwezi wa tano wakaanza kuteleza tena, na ikafika siku ya mwisho ya msimu hesabu ikiwa rahisi hata kwa Tumaini. Wakishinda wanabaki. Wakitoka sare au wakifungwa wanashuka.

Ilikuwa jioni, mapema, taa za barabarani ndiyo zinawaka. Kibanda kilijaa kuliko siku ya weupe wa Madrid. Nusu ya watu waliokuja hawakuwahi kuijua timu ile kabla yako. Watu wa kijani walitangulia kufungwa, wakasawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili, na nilikuwa nimetoka mlangoni kupata hewa nilipomwona Elia anashuka kwenye bodaboda.

Alikuwa amenenepa kidogo, na shati jipya. Hakuuliza hali yangu. Alisema amepata mtu wa kununua kiwanja pamoja na nyumba na kibanda, anataka kuongeza duka lake. Mimi nitarudi Iyula kwa wazazi, wewe atakupeleka Ndalambo kwa dada zake, na Tumaini tutaona. Alisema taratibu, kama mtu anayepanga mizigo kwenye lori, kipi kianze na kipi kifuate. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba wewe uko ndani.

Akaingia, akainama mbele yako. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, nina mazungumzo."

"Najua. Kaa, mpira uishe."

Simwinga akasogea kumpisha. Elia akakaa katikati ya watu, mikono juu ya magoti, akilazimika kuangalia mechi asiyoijua. Mimi nilibaki mlangoni. Nilikuwa nawaza nitabeba nini na nini nitaacha. Na bado, nitasema kweli, macho yalikuwa kwenye televisheni.

Dakika za nyongeza wakapata kona. Mzee wa Kanisa akaacha goli lake akakimbia mpaka mbele, na ndevu zake zile. Kibanda kikasimama, wewe peke yako umekaa. Mpira ukaja, ukakutana na kichwa cha yule yule mzee, ukapiga mtambaa panya, ukashuka chini, mabeki wakaufagia. Mwamuzi akapuliza. Imeisha. Wameshuka.

Simwinga alivua kofia. Kwenye televisheni kipa alikuwa amekaa kwenye nyasi za goli la wapinzani, amefunika uso kwa glovu. Ulijifuta macho kwa ncha ya kitenge, ukaomba fimbo, ukasema, "Elia, twende nje. Na wewe, Mama Tumaini."

Tulisimama uani, karibu na tenki. Elia akaanza kueleza tena, mnunuzi, duka, Ndalambo. Ulimwacha amalize.

"Kiwanja hiki kilitokana na ng'ombe wa baba yako," ukasema. "Alipokufa ulikuja kuniomba wauzwe, nikakubali, nikawaambia ndugu zako wanyamaze. Nilikubali ili ujenge nyumba ya mke wako na watoto wako. Nyumba ipo. Mke wako yupo. Mtoto yupo. Hakiuzwi."

"Mama, lakini mimi ni mwanao."

"Usingekuwa mwanangu ningekujibu kule ndani, mbele za watu."

Akajaribu njia nyingine, "Na wewe utakaa na nani hapa?"

"Na huyu." Ukanishika mkono. "Nimeshakaa naye. Wewe ukitaka kwenda nenda, sikufungi. Ukitaka kumwona mtoto wako njoo mchana, mlango uko wazi. Lakini ukileta mtu kupima kiwanja hiki, nitakuwa nimekaa hapa mlangoni na mguu wangu."

Alikaa kidogo na Tumaini, akampa biskuti, akaondoka. Ndugu zake aliwapigia simu kesho yake wamsaidie kukushawishi. Wote walimwambia neno la mama ndilo la mwisho.

Asubuhi ile nilikukuta umekaa kitandani, hujafunga kilemba, unalia bila sauti. Nilianza kukubembeleza. Ukasema, "Ni mwanangu. Usinizuie kumlilia." Nikakaa chini, nikakuacha ulie. Nilijifunza siku ile kwamba ulikuwa umenipa kitu ambacho kilikuuma, na kwamba hukutaka nijifanye sikioni.

Msimu uliofuata watu wa kijani walikuwa daraja la pili na hawaonyeshwi. Ulikataa kuchagua timu nyingine. Ukawa unaangalia wengine wakicheza, huku unaniuliza, "Na wetu?" Natafuta kwenye simu, nakusomea. Wameshinda. Wametoka sare. Kaptula ameuzwa. Mzee wa Kanisa amestaafu, na hilo ulitaka nikusomee mara mbili. Lakini kidonda kilikuwa kimefunga, ulikuwa unatembea mpaka sokoni, na mvua za kwanza ziliponyesha ukasema unataka kuona shamba lako Ndalambo linapandwa.

Ulikuwa uende na kurudi. Tulikusindikiza mimi na Tumaini, tukakaa siku chache, tukarudi kwa ajili ya shule. Mahindi yalipofika magotini dada zake Elia wakanipigia kwamba sukari imepanda na hutaki kula. Nilifika ukiwa bado unatambua watu. Uliniuliza kama nimefunga kibanda au nimemwachia mtu. Nikasema nimemwachia Simwinga. Ukasema, "Ataonyesha weupe tu huyo," ukatabasamu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia, na nimefurahi yalikuwa hayo.

Hujui kilichotokea msibani, kwa hiyo nikueleze. Nilikwenda kukaa upande wa wakwe, nyuma, pale panapomstahili mwanamke aliyeachwa na mume. Dada mkubwa wa Elia akanifuata, akaniinua mbele za watu wote. Alisema uliwaachia agizo. Ulisema siku ya kuzikwa kwako nikae na binti zako, kwenye mkeka wao, na chakula nile kwenye sahani yao. Nilikaa katikati yao. Elia alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Tulisalimiana vizuri. Sasa anakuja kumwona Tumaini akiwa likizo, anakuja mchana, anakaa saa moja hivi, anaondoka. Sina chuki naye tena, na sina haja naye.

Hali yetu ni nzuri, mama. Nimebadilisha mabati ya kibanda. Mama yangu huja kutoka Iyula baada ya mavuno, anakaa benchi la mbele na kusinzia. Watu wa kijani hawajapanda. Msimu uliopita nusura washuke tena, huko huko daraja la pili, na nilipoona matokeo nilishukuru kwamba sikuwa na kazi ya kukusomea. Tumaini yuko darasa la pili, meno ya mbele yameng'oka yote. Mwezi huu amechagua timu. Amechagua weupe wa Madrid, kwa sababu wanashinda, na Simwinga amemnunulia jezi inayomfika magotini. Najua ungemsema. Mimi nimemwacha kwanza. Bado mdogo, acha ashinde shinde.

Lakini mimi nimebaki bila timu. Najaribu kila Jumamosi na siwezi. Nawaangalia walio mkiani, nawaonea huruma, halafu nageuka kumwambia mtu, na hakuna mtu. Kinamwanga changu kimeanza kupotea kwa kukosa wa kuongea naye. Jana nilitaka kumwambia muuza nyanya neno la kushoto, likanitoka lile la mjinga. Alinitazama, tukacheka wote wawili, na nikarudi nyumbani nikilia barabarani mchana kweupe, nikitembea tu, sijifichi.

Pumzika, mama. Mbolea ya shamba lako nimeshaituma Ndalambo, dada wameipokea.

Mwanao,
Mama Tumaini